Majani Hayangoji Hotuba

Vijana wa chumba cha kuonjea mmeniomba niandike nilivyoanza kazi, na mmoja wenu akaongeza kwamba nisijaze kurasa kwa habari za vyeo. Asiwe na wasiwasi. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa, na mshahara wenyewe hauna cha kusimulia. Nitaandika habari za pua, maji, kijiko, na watu wawili walionifundisha: Mzee Singano, msimamizi wa chumba cha kuchachushia, na Bwana Menon, mtaalamu aliyetoka India. Pia nitaandika swali lililonikera miaka yote aliyokaa kwetu, ambalo nilijibiwa siku anafunga mizigo.

Mimi ni mtu wa Lukozi. Kwetu tulilima kabichi, viazi na maharage, na chai tuliijua ikiwa ndani ya kikombe tu, tena Krismasi na siku za ugeni. Nilipomaliza darasa la nane, mchungaji wetu alinisaidia kupata ukarani wa mizani katika kiwanda kidogo cha chai cha wakulima, upande wa Bungu. Ilikuwa miaka ile tulipoitana ndugu, na kila ukuta uliopakwa chokaa ulikuwa na neno la kujitegemea. Kiwanda kilikuwa cha mlowezi aliyekwenda kwao baada ya Uhuru. Alituachia mashine tatu za kusokota majani, madirisha mengi yasiyo na vioo, na kikaushio kimoja cha kuni ambacho kilikuwa kizee kuliko mimi.

Kikaushio hicho ndicho kilichonifanya nichukiwe na wanawake wa vijiji vitano. Wakulima walikuwa wameshaitika wito, wameng'oa maharage na kupanda chai. Sasa chai imekomaa, lakini kikaushio hakiwezi kukausha zaidi ya nusu ya majani yanayoletwa. Kila siku ikifika saa sita mchana nilitoka kwenye mizani na kutangaza kwamba kiwanda kimejaa. Mama Hadija, ambaye shamba lake lilikuwa mbali kuliko yote, alikuwa akifika muda huohuo, kikapu mgongoni. Hakunitukana hata mara moja. Alimwaga majani yake kando ya barabara, akakung'uta kikapu, akasema, "Haya mwanangu, kesho nitaamka mapema zaidi." Na kesho yake alichelewa vilevile, kwa sababu mlima haufupishwi na kuamka. Nilikuwa naona haya kumtazama.

Ndipo tukaambiwa kwamba serikali yetu na ya India zimekubaliana kushirikiana. Wao wataleta mtaalamu kwanza, na baadaye, kazi ikionekana inaendelea, wataleta kikaushio kipya. Katibu wa tawi alituita akatufafanulia. Nchi zote mbili zilitawaliwa na mkoloni mmoja, zote zimejikomboa, na sasa zinashikana mikono bila kumpitia yeye. Tukapiga makofi. Mimi niliinua mkono nikauliza, "Ndugu Katibu, India si nao wanauza chai?" Akasema ndiyo, nyingi sana. "Si wanauza ng'ambo, kwa wanunuzi walewale tunaowauzia sisi?" Akasema ndiyo. "Sasa mtu mwenye duka anakuja kumfundisha jirani yake kupanga duka?" Katibu alisema swali ni zuri na litajibiwa na wahusika, jambo ambalo miaka ile lilimaanisha kaa chini.

Bwana Menon aliwasili na lori la kuni, kwa kuwa gari aliloahidiwa lilikuwa limeharibikia Korogwe. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye nywele zilizochanwa kwa mafuta, na Kiswahili alichokuwa amejifunza kitabuni melini, sahihi na kikavu. Katibu alitaka aitwe Ndugu. Mzee Singano alikataa, akasema mtu aliyeacha watoto wake ng'ambo ya bahari akaja kupanda mlima huu juu ya kuni anastahili kuitwa Bwana hata kama neno lenyewe limepitwa na wakati. Akabaki Bwana Menon. Wiki ya pili alikuwa akimwamkia Mzee "onga makeo" kama Msambaa wa kuzaliwa, na Mzee akimwita mghoshi, yaani mwanamume.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutafuta mwonjaji. Alitupanga wafanyakazi wote, hata mtunza stoo, mbele ya vikombe vitano, akatuambia tuonje na tuseme tofauti zake. Wavutaji na wala ugoro walikwama palepale. Wengine walisema vyote vizuri, kwa adabu. Wengine, wakiona mtaalamu anaandika, walibuni: hiki kikali, hiki kipole, hiki kina ushujaa. Zamu yangu ilipofika nikaonja, nikarudia, nikasema, "Hivi vinne ni chai moja. Hiki cha tano nacho ni chai ileile, ila kimechemshwa kwa maji ya mfereji."

Bwana Menon alitabasamu. "Vyote vitano ni sawa," akasema. "Ni mtego. Nilitaka kujua nani anasema uongo. Maji ni ya chemchemi, birika ni moja."

"Hapana, Bwana. Hiki ni cha mfereji."

Akamwita mpishi. Mpishi akasimama pale akitazama miguu yake, kisha akakiri kwamba maji ya chemchemi yalipungua kikombe kimoja, na chemchemi iko mbali, na mfereji unapita nyuma ya jiko. Bwana Menon alichukua kijiko chake, akaonja cha kwanza, akaonja cha tano, akarudia mara tatu. Hakuwa ameitambua tofauti ile.

"Umejifunza wapi?" akaniuliza.

"Kwa bibi yangu. Nilikuwa nikichoka kwenda chemchemini nachota mferejini. Alikunywa funda moja tu, akachukua fimbo."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Mizani wampe mtu mwingine," akasema.

Siku yangu ya kwanza chumbani iliniharibu. Mwonjaji, kama mjuavyo, huvuta chai kwa kelele, huizungusha mdomoni, kisha huitema. Kuvuta kwa kelele nilijikaza. Lakini kutema, tena mwanamke, tena mbele ya Mzee Singano aliyekuwa amekuja kuangalia kazi na aliye rika la baba yangu, hilo sikuliweza. Kila kikombe nilimeza. Bwana Menon alidhani ndoo ya kutemea iko upande wangu, nami nikamwacha adhani. Jioni moyo ulikuwa unanienda mbio, na nikamweleza mke wa Mzee habari za utoto wangu wote bila kuulizwa. Mzee aliposikia sababu alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaja chumbani, akachukua kijiko, akavuta chai, akatema kwa kishindo, akasema, "Mwanangu, nimekutangulia. Sasa ni kazi." Tangu hapo nilitema.

Basi nikajifunza. Mengine mnayajua kwa vyombo vyenu vya siku hizi, lakini sisi tulikuwa na mizani ndogo ya shaba, shisha ya mchanga ya kupimia dakika, na vikombe vyeupe ambavyo kimoja kilikuwa na ufa. Asubuhi hakuna kitunguu, hakuna sabuni ya manukato, hakuna hasira. Hiyo ya hasira nilidhani ni utani mpaka niliposutana na jirani yangu siku moja na chai yote ikawa na ladha ya shaba. Bwana Menon alipenda achari kupita kiasi, lakini aliila Jumamosi jioni tu, ili Jumapili nzima imtoke. Kijiko chake kilikuwa cha fedha, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nilipomwomba nikitumie alisema, "Tafuta chako. Mdomo na kijiko lazima vizoeane." Changu nilichongewa na fundi wa Lushoto, na ndicho nilichotumia hadi mwezi uliopita.

Mwalimu wangu wa pili hakuonja chai hata kidogo. Mzee Singano alifanya kazi kwa pua. Majani yakishasokotwa hutandazwa mezani, yakabadilika kutoka kijani kuwa mekundu, na hapo ndipo chai inapopatikana au kupotea. Bwana Menon alileta kipimajoto na jedwali. Mzee alivitazama kwa heshima, akaviweka dirishani. Yeye alisema majani huanza kunuka majani, yakafika kwenye tango, yakaja kwenye peasi bichi, na mwishowe kwenye peasi lililoiva mtini. Hapo ndipo yaingie kwenye kikaushio. Ukichelewa yanakuwa peasi lililoanguka chini, na chai imekufa. Walibishana miezi mitatu, kipimajoto na peasi. Halafu siku moja nikamkuta Bwana Menon amefumba macho mbele ya meza, Mzee kando yake, na daftari limeandikwa kwa mstari mmoja: tango, peasi bichi, peasi.

Neno alilopenda kulisema Bwana Menon lilikuwa hili: "Majani hayangoji mtu." Alilisema kwa waliokwenda kusali, waliokwenda msibani, na kwa msimamizi wa wilaya aliyetaka mashine zisimamishwe apige picha.

Swali langu niliendelea kumuuliza. Kwa nini unatufundisha? Mwaka wa kwanza alijibu, "Nimetumwa." Mwaka wa pili, "Kwetu kuna joto." Mwaka wa tatu aliniambia kwamba chai yetu bado ni mbaya mno hata haijawatisha, kwa hiyo nisijipe umuhimu. Niliudhika wiki nzima, nadhani hilo ndilo alilokusudia.

Mwaka wa nne ikaja habari kwamba ujumbe wa serikali zote mbili utapita kukagua. Wakiridhika, kikaushio kitaagizwa. Wasiporidhika, fungu litapelekwa mkoa mwingine ambako kuna mradi wa baiskeli. Mama Hadija alikuwa bado anamwaga majani barabarani. Afisa wa mkoa aliyekuja kutuandaa alitaka wageni wakute majani mezani yakiwa mekundu, wayaone yakiingia kikaushioni, kisha waonje chai ya siku hiyohiyo. Bwana Menon akapiga hesabu zake: wageni wanafika saa tatu, hotuba fupi nusu saa, majani yatakuwa tayari saa nne kasorobo. Palikuwa na hesabu moja tu ambayo hakuiweka, nayo ni sisi.

Wageni walifika saa tatu kweli. Lakini katibu alikuwa ameamuru kila mfanyakazi awe kwenye mabenchi, hata mchochea kuni, ili wageni wasione viti vitupu. Akatuhesabu. Kisha akakaribishwa mwenyekiti amkaribishe diwani, diwani amkaribishe afisa wa mkoa, afisa amkaribishe mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa ujumbe wa India, mzee wa miwani minene na sauti nzuri, na alizungumza Kiingereza kilichofasiriwa sentensi kwa sentensi. Hivyo kila jambo lilisemwa mara mbili.

Tulikuwa tumekaa chini ya madirisha ya chumba cha kuchachushia, yale yasiyo na vioo. Nilipata tango wakati wa diwani. Nilipata peasi bichi afisa alipokuwa akishukuru. Peasi lililoiva likaja mgeni rasmi akizungumza, nikamgeukia Mzee Singano.

"Mzee, majani."

"Nayasikia. Kaa."

"Yako tayari."

"Mgeni anazungumza, mwanangu. Unamwinukia mgeni?"

"Yatakufa."

"Yakifa tutayazika."

Nilimtafuta Bwana Menon kwa macho. Alikuwa meza kuu, kati ya afisa na bendera mbili, mikono magotini. Niliona pua yake inapanuka. Nikasema moyoni, huyu atainuka, huyu ndiye aliyetufundisha kwamba hayangoji mtu. Hakuinuka. Alinitazama, nikamtazama, tukamtazama Mzee, na sote watatu tukaendelea kukaa tukisikia peasi linaiva, linalegea, linaanguka. Wasambaa hatumwinukii mgeni, na kumbe na kwao ni hivyohivyo. Nimewahi kuona mazao yakiharibiwa na mvua, na viwavi, na mara moja na tembo waliopotea njia. Siku hiyo tu niliona yakiharibiwa na adabu.

Hotuba ilipokwisha tukapiga makofi, na mchochea kuni akatimua mbio. Afisa alipelekewa habari, akaja chumba cha kuonjea akiwa na jasho. Akaniambia Mzee ana kopo la chai ya wiki iliyopita, ile nzuri, nimimine hiyo na niseme ni ya leo. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema. "Unataka wakulima wakose kikaushio kwa ajili ya kikombe kimoja?" Nilipanga vikombe viwili, cha kopo na cha leo, na sikujua nitafanya nini.

Wakaingia. Mkuu wa ujumbe alionja vyote viwili kwa ustaarabu, akasema vizuri. Wenzake wakasema vizuri. Afisa akasema vizuri sana. Mgeni akakinyooshea kidole kikombe cha leo na kumuuliza Bwana Menon, "Hii ndiyo iliyotengenezwa kwa heshima yetu? Unaionaje?"

Bwana Menon hakugusa kijiko chake. "Mimi ni mgeni hapa," akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili wote wasikie. "Mwonjaji ni huyu. Muulizeni."

Nilihisi afisa ananitazama shingoni. Nilimfikiria Mama Hadija. Nikamfikiria pia bibi yangu na funda lake moja, maana yeye hakuwahi kunywa maji ya mfereji akasema asante. Nikavuta, nikatema.

"Imekufa," nikasema. "Hiyo ya pembeni ni ya wiki iliyopita, ndiyo nzuri. Hii ya leo imeharibika."

Mfasiri alisita. Mgeni akamwambia aseme. Akasema.

"Imeharibika lini?" mgeni akauliza.

"Ilikuwa tayari uliposema kwamba nchi zetu mbili zililelewa na bwana mmoja aliyekunywa chai asiyoilima. Ulipofika kwenye habari za reli ilikuwa imeshapita."

"Ulijuaje, na ulikuwa nje?"

"Kwa pua, Mzee. Na Mzee Singano alijua. Na Bwana Menon."

"Basi mbona hamkuinuka?"

"Ulikuwa unazungumza."

Alivua miwani akaifuta. Kisha akamwambia Bwana Menon maneno machache kwa lugha yao, na wakatoka kwenda kula. Afisa alibaki nyuma kidogo kuniambia kwamba nimeuza wakulima wangu. Usiku ule na nyingine kadhaa nililala vibaya, na nililia, sioni aibu kuyaandika.

Barua ilifika baada ya miezi mitatu, ikiwa na mambo mawili. La kwanza, kikaushio kimekubaliwa. La pili, kwa kuwa kiwanda sasa kina mwonjaji wake anayeweza kusema chai mbaya ni mbaya mbele ya mtu yeyote, haja ya mtaalamu imekwisha, na Bwana Menon arudi nyumbani. Niliisoma mara nyingi. Ukweli wangu ulikuwa umewapa akina Mama Hadija kikaushio na kuninyang'anya mwalimu wangu, kwa barua moja.

Siku anafunga mizigo nilimpelekea viazi vya Lukozi na swali langu. "Sasa unaondoka. Niambie kweli. Kwa nini mtu anamfundisha mshindani wake?"

Alikuwa anafuta kile kijiko cha fedha. "Nimeonja chai miaka ishirini na sita," akasema. "Walio juu yangu nilikubaliana nao kwa sababu wako juu. Walio chini yangu walikubaliana nami kwa sababu wako chini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kikombe cha tano ni cha mfereji." Akakitia kijiko mfukoni. "Nilikuwa nimechoka kuonja peke yangu."

Kikaushio kilikuja mwaka uliofuata, kimeandikwa maelekezo kwa lugha ambayo hata ubalozi wao ulichukua muda kuitambua. Mzee Singano alikiwasha kwa kusikiliza. Mama Hadija alifika siku hiyo saa sita na robo kama kawaida yake, nami nikatoka na kumwambia kiwanda hakijajaa. Alipimiwa majani yake, akasimama pale na kikapu kitupu kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Kwa miaka mingi tulitumiana vifuko vya chai, mimi na Bwana Menon, bila jina la shamba, kila mmoja akimtega mwenzake aitambue. Mara nyingi alinishinda. Kifuko cha mwisho kilikuja bila barua. Nilikionja, nikashangaa: chai ilikuwa imekufa kabisa, peasi la chini. Nikageuza karatasi nikaona ameandika kwa Kiswahili chake kilekile cha kitabuni: "Wamenistaafisha. Hotuba ilikuwa ndefu."

Na mwezi uliopita mkanistaafisha mimi. Mlinipa kiti cha mbele, mgeni rasmi akazungumza vizuri mno, akataja hata mambo ambayo sikufanya. Katikati nikapata tango kutoka dirishani, kisha peasi bichi. Sikugeuka kwanza, nilikuwa naogopa. Nilipogeuka niliona kiti cha Rehema, mliyemkabidhi kazi yangu ya kuonja, kiko kitupu, na meneja anakitazama kwa hasira. Mlango wa chumba cha kuchachushia ulikuwa wazi, na kikaushio kilikuwa kinanguruma.

Naomba asiandikiwe barua ya onyo. Mimi nilikaa, nikasikiliza hotuba mpaka mwisho, neno kwa neno.